Mnyororo Uliofichika Bustanini



Leo tunaingia bustanini. Bustani ni mahali pa kupumzisha macho na moyo, na ni wachache wanaodhani kuwa neno utumwa lina nafasi baina ya waridi na majani mabichi. Hata hivyo, kwa mujibu wa makadirio yaliyotolewa mwaka 2022 na Shirika la Kazi Duniani, Shirika la Kimataifa la Uhamiaji na taasisi ya Walk Free, watu milioni 50 walikuwa wakiishi katika utumwa mamboleo mwaka 2021. Kati yao, milioni 28 walikuwa katika kazi za kulazimishwa.

Utumwa huu una sura gani? Wazee wetu wa pwani waliujua utumwa wenye soko. Soko la Mkunazini, Unguja, lilifungwa mwaka 1873 kwa mkataba wa Sultani Barghash, ingawa ilipasa kungoja hadi mwaka 1897 ndipo sheria ya visiwani ikaacha kumtambua mtumwa kuwa mali. Utumwa wa leo hauna soko la kufungwa. Kwa wengi una deni. Mtu hukopa ili apate kazi, kisha hufanya kazi ili alipe mkopo. Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa, lakini deni hili limetungwa lisilipike.

Tuchukue mfano wa Uingereza, nchi isiyo na mzaha katika mapenzi ya bustani. Nyumba nyingi huko zina ua uliotandikwa vigae vya mawe ya mchanga, na mawe mengi ya namna hiyo hutoka katika machimbo ya Rajasthan, kaskazini magharibi mwa India. Mchimbaji hupewa fedha za awali na mwenye machimbo au mnyapara wake, na tangu siku hiyo hawezi kuondoka kabla ya kuzirejesha. Vumbi la mawe humletea silikosisi, ugonjwa wa mapafu usio na tiba. Nguvu zikimwishia, hukopa tena kwa ajili ya dawa na chakula, na akifariki, deni humwangukia mjane au mtoto. India ilipiga marufuku kazi za rehani ya deni mwaka 1976, lakini watafiti wameendelea kuzikuta machimboni, pamoja na watoto wanaochonga mawe madogo ya kutandika njia.

Kutoka hapo, jiwe hupita kwa mchongaji, msafirishaji, mwagizaji, muuzaji wa jumla, hadi kwa fundi wa bustani. Likifika mlangoni, hakuna anayejua liliko­toka.

Mikono nayo ina safari yake. Mwezi Februari 2004, vibarua wasiopungua 21 kutoka China walizama katika ghuba ya Morecambe, walipokuwa wakiokota kome usiku chini ya mnyapara asiyejali maji kujaa. Msiba huo uliharakisha sheria ya mwaka huohuo iliyowataka mawakala wa vibarua wa mashambani, wa kilimo cha mboga, matunda na maua, na wa uokotaji kome kuwa na leseni. Lakini deni linaweza kuanza mbali na mkono wa mkaguzi. Mwaka 2022 magazeti ya Uingereza yaliripoti habari za wachuma matunda kutoka Indonesia waliofika kwa viza ya msimu, ambayo haizidi miezi 6, wakiwa na madeni ya hadi pauni 5,000 kwa madalali wa kwao.

Sheria ya Utumwa Mamboleo ya mwaka 2015 nchini Uingereza inazitaka kampuni zenye mapato ya pauni milioni 36 au zaidi kwa mwaka kutoa tamko la hatua zilizochukua. Sheria hiyo iliruhusu hata kampuni kutamka kwamba haikuchukua hatua yoyote. Na fundi mwenye gari moja na vibarua watatu hafikii kiwango hicho. Je, naye hana wajibu?

Wajibu anao, na unaanza kwa maswali mepesi. Kibarua huyu alimlipa nani ili aipate kazi hii? Pasipoti yake iko mikononi mwa nani? Mshahara unaingia katika akaunti yake, au ya mtu anayewasemea wote? Anaweza kuacha kazi kesho bila kutishwa? Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani namba 181 wa mwaka 1997 unaeleza kwa jumla kwamba wakala asimtoze mfanyakazi ada. Basi mwajiri akigundua kuwa ada imetozwa, haki ni kuhakikisha inarejeshwa.

Kwa muuzaji wa mawe, swali ni jina la machimbo, si jina la nchi tu. Na ikibainika dhuluma, kumkimbia muuzaji siku hiyohiyo kunaweza kusafisha vitabu vya mnunuzi huku mchimbaji akibaki na deni lilelile na bila kazi. Ni afadhali kudai marekebisho kwa muda maalumu, na kuondoka iwapo yatakataliwa. Aidha, mnunuzi anayebana bei hadi isiweze kulipa ujira halali ajue kwamba tofauti hiyo italipwa na mtu, naye ni yule wa mwisho katika mnyororo.

Msikilizaji uliyeko Maskati, Dubai au Doha, huenda wewe ndiwe unayemwagilia bustani ya mwingine, na deni la wakala linakungoja Mombasa au Kampala. Fahamu kwamba pasipoti yako ni yako, na weka nakala ya mkataba wako kwa mtu unayemwamini. Nawe uliyeajiri mtunza bustani, muulize maswali yale leo, kwa upole, mkiwa wawili tu.