Salfa katika Gesi ya Makapi ya Miwa

Hapa Durban tumezungukwa na mashamba ya miwa. Makapi ya miwa yakipashwa moto mkali kwa hewa haba, hutoa gesi ya kuendesha injini. Salfa yake ni kidogo kuliko ya makaa ya mawe, lakini hutoka kama haidrojeni salfaidi, yenye harufu ya yai viza, inayokula vyuma.

Basi gesi hupitishwa katika tangi la vidonge vya oksidi ya zinki, kwenye nyuzi 300 hadi 400 za Selsiasi. Zinki huinasa salfa. Gesi ikiwa imeshapoa, husafishwa badala yake kwa oksidi ya chuma: kutu, ndiyo, kutu ile ile ya mabati!

Ila usitegemee pua kuitambua haidrojeni salfaidi. Ikizidi, hufisha kwanza uwezo wa kunusa.