Macho ya Mtoto Njiti

Mtoto njiti akiruhusiwa kutoka hospitali ya Pumwani au ya Mama Lucy, Nairobi, mama humfunga kifuani, akapanda matatu ya Kayole au Dandora akimshukuru Mungu kwa gramu zilizoongezeka. Macho je? Yanang'aa. Nani atayatilia shaka?

Lakini mishipa ya damu ya retina, ule utando wa nyuma ya jicho, hukamilika mimba ikikaribia miezi tisa. Anayetangulia huzaliwa mishipa hiyo haijafika ukingoni. Oksijeni ile ile inayomwokoa, ikizidi, huivuruga. Baadaye huota ovyo, ikaivuta retina hadi ibanduke. Stevie Wonder, aliyezaliwa Marekani mwaka 1950 kabla ya siku zake, alipofuka hivyo.

Tiba ipo, leza au sindano ya jichoni, na ikihitajika itolewe ndani ya siku mbili tatu. Kwanza, lakini, daktari wa macho amchungulie, yapata wiki ya nne baada ya kuzaliwa. Na wiki hiyo mama yuko nyumbani, usingizi hana, mvua imepandisha nauli, akili yote iko kwenye uzito na chanjo. Mimi simlaumu. Tarehe ya macho iandikwe kwenye kijitabu cha kliniki kabla hajatoka wodini, tena kwa kalamu nyekundu.