Kamari Ikiitwa Biashara, Nani Ataisimamia?



Fahali wawili hawakai zizi moja. Mwaka 2025 Marekani ilianza kushuhudia ukweli wa methali hiyo katika jambo ambalo kwa nje laonekana dogo, nalo ni kamari. Kampuni yenye kibali cha Serikali ya Shirikisho na serikali za majimbo ziliingia mahakamani kugombania nani mwenye haki ya kusimamia kitu kinachoitwa soko la ubashiri. Lakini jambo lenyewe si dogo hata kidogo. Ndani yake limo swali la nani mwenye haki ya kulinda mshahara wa kijana, na limo pia swali la iwapo kitu kinachokatazwa na sheria chaweza kuhalalishwa kwa kubadilishiwa jina tu.

Ili ugomvi huo ueleweke, hapana budi kwanza kueleza jinsi soko hilo linavyofanya kazi. Kampuni hutoa swali ambalo jibu lake ni ndiyo au hapana. Je, mgombea fulani atachaguliwa? Je, timu fulani itashinda Jumapili? Anayeamini kuwa jibu ni ndiyo hununua mkataba wa ndiyo, na asiyeamini hununua wa hapana. Tukio likitokea, mwenye mkataba wa ndiyo hulipwa dola 1. Lisipotokea, hapati kitu. Mkataba ukiuzwa senti 60, maana yake wanunuzi kwa jumla wanakadiria kwamba tukio hilo lina uwezekano wa asilimia 60. Kampuni husema kwamba yenyewe haishindani na mteja kama afanyavyo mwenye jumba la kamari, bali huwakutanisha watu wenye mawazo tofauti na kuchukua ada yake.

Sasa yafaa kumtazama fahali wa kwanza, yaani majimbo. Marekebisho ya 10 ya Katiba ya Marekani, yaliyopitishwa mwaka 1791, yanayaachia majimbo na wananchi madaraka yote ambayo Katiba haikuipa Serikali ya Shirikisho. Kwa msingi huo, kwa miaka mingi kila jimbo limejiamulia lenyewe habari za kamari. Nevada iliihalalisha mwaka 1931. New Hampshire ilianzisha bahati nasibu ya serikali mwaka 1964. Utah na Hawaii zimekataa kamari ya kila aina. Mwaka 1992 Bunge la Marekani lilijaribu kuyazuia majimbo yasiruhusu kamari ya michezo, lakini jimbo la New Jersey likapinga, na mwaka 2018 Mahakama ya Juu ikaifuta sheria hiyo kwa hoja kwamba Bunge la Shirikisho halina uwezo wa kuyaamuru mabunge ya majimbo yatunge au yasitunge sheria gani. Tangu hapo majimbo zaidi ya 35 yameruhusu kamari ya michezo, kila moja kwa leseni yake, kodi yake na masharti yake. Katika majimbo mengi mtu wa chini ya miaka 21 haruhusiwi kucheza.

Fahali wa pili ni Serikali ya Shirikisho, ambayo Katiba imeipa madaraka juu ya biashara baina ya majimbo. Hapa ndipo inapoingia habari ya mkulima. Mkulima wa ngano anapopanda hajui bei itakuwaje wakati wa mavuno. Kwa hiyo huuza mapema, kwa mkataba, ngano ambayo bado imo shambani, ili bei ikianguka asiangamie. Soko la mikataba ya namna hiyo lilikua katika mji wa Chicago tangu karne ya 19. Bunge la Marekani lilitunga sheria kubwa ya biashara hiyo mwaka 1936, na mwaka 1974 likaunda Tume ya kuisimamia, inayojulikana kwa herufi CFTC.

Hata hivyo, mpaka kati ya kinga ya mkulima na kamari ya mlanguzi haujawahi kuwa imara. Kisa cha vitunguu chatosha kuwa ushahidi. Mwaka 1955 wafanyabiashara wawili, Vincent Kosuga na Sam Siegel, walinunua karibu vitunguu vyote vilivyokuwapo Chicago, kisha wakaweka mikataba iliyowapa faida bei itakapoanguka, na hatimaye wakavimwaga vitunguu hivyo sokoni. Mwezi Agosti mwaka 1955 gunia la ratili 50 lilikuwa likiuzwa dola 2 na senti 75. Mwezi Machi mwaka 1956 gunia hilo hilo liliuzwa senti 10, chini ya bei ya gunia tupu. Wakulima wengi walifilisika hali mavuno yao yamo mikononi. Mwaka 1958 Bunge likapiga marufuku kabisa mikataba ya baadaye ya vitunguu. Funzo lake ni wazi: kuwapo kwa mkataba na soko rasmi hakutoshi kukifanya kitu kuwa biashara ya manufaa kwa umma.

Bunge lilionyesha kulikumbuka funzo hilo mwaka 2010, lilipotunga sheria ya fedha baada ya msukosuko wa uchumi wa mwaka 2008. Sheria hiyo iliipa Tume uwezo wa kukataza mikataba ya matukio yahusuyo ugaidi, mauaji ya viongozi, vita, michezo ya kubahatisha au vitendo vilivyo kinyume cha sheria, ikiwa mikataba hiyo ni kinyume cha maslahi ya umma.

Mwaka 2020 Tume iliipa kampuni ya Kalshi kibali cha kuendesha soko la ubashiri. Mwaka 2023 Tume hiyo hiyo iliikataza kuuza mikataba ya uchaguzi wa Bunge. Kampuni ikaenda mahakamani, na mwezi Septemba mwaka 2024 ikashinda. Hoja yake ilikuwa kwamba uchaguzi si mchezo, na kwamba katazo la sheria ya 2010 lilikusudiwa mambo kama mechi. Lakini mwezi Januari mwaka 2025 kampuni hiyo hiyo ilianza kuuza mikataba ya mechi, na katika nchi nzima, kwa watu wa kuanzia miaka 18. Mwezi huo huo ilimtangaza Donald Trump mdogo, mwana wa Rais, kuwa mshauri wake. Mwezi Mei Tume ikaiacha rufaa yake katika kesi ya uchaguzi.

Mwezi Machi mwaka 2025 Nevada na New Jersey ziliiamuru kampuni isimamishe biashara hiyo katika maeneo yao. Kampuni ikajibu kwamba yenyewe iko chini ya Tume ya Shirikisho peke yake. Majaji hawakuwa na kauli moja. Mwezi Aprili majaji wa shirikisho katika majimbo hayo mawili waliipa kampuni kinga ya muda. Mwezi Agosti jaji wa Maryland akainyima. Mwezi Novemba jaji yule yule wa Nevada aliyeitoa kinga aliiondoa.

Watetezi wa kampuni wana hoja zinazostahili kusikilizwa. Wanasema soko la taifa zima haliwezi kuendeshwa kwa sheria 50 tofauti. Wanasema pia kwamba bei za soko hukusanya maarifa ya watu wengi na kutoa utabiri wenye manufaa. Hoja hii ya pili si ya kubuni: Chuo Kikuu cha Iowa kilianzisha soko la uchaguzi mwaka 1988 kwa ajili ya utafiti na mafunzo. Lakini huko mtu hakuruhusiwa kuweka zaidi ya dola 500, na chuo hakikufanya shughuli hiyo kuwa mtaji wa matajiri.

Majimbo nayo si malaika. Yenyewe ndiyo yanayouza bahati nasibu na kuitangaza kwa wananchi wao. New York hutoza asilimia 51 ya pato la kamari ya michezo kwa simu. Serikali inayokula kutoka katika sahani ya kamari haiwezi kudai kwamba imeisimamia kwa uchungu wa mnyonge tu. Hata hivyo, kodi hiyo hupitishwa na bunge ambalo mwananchi amelichagua, na jimbo kama Utah likisema hapana, hiyo ni sauti ya watu wake. Mkataba ukiingia Utah kwa njia ya simu kwa kibali cha Tume iliyoundwa kwa ajili ya ngano, sauti hiyo imezimwa bila hata Bunge la Marekani kupiga kura juu yake.

Kipo kipimo rahisi cha kuamua jambo hili: Je, hatari ilikuwapo kabla ya mkataba? Ukame na kuanguka kwa bei humkabili mkulima awe amesaini mkataba au hakusaini. Mkataba humpunguzia mzigo. Kijana anayenunua mkataba wa mechi ya Jumapili hakuwa na hatari yoyote hadi aliponunua. Mkataba ndio uliomletea hatari. Wa kwanza ni bima ya jasho, wa pili ni kamari, hata kama umeandikwa kwa lugha ya benki. Na kama yuko mwenye hoteli ambaye mapato yake kweli hutegemea ushindi wa timu ya mji wake, sheria yaweza kumtungia kifungu chake, pasipo kuwafungulia mlango vijana wote wa nchi.

Kwa hiyo basi, wa kuamua si kampuni kwa kuchagua jina, wala majaji kwa hukumu zinazogongana. Bunge la Marekani ndilo lililoandika sheria ya 2010, nalo ndilo lenye wajibu wa kutamka waziwazi kwamba dau la mchezo ni dau la mchezo, na kuyaachia majimbo usimamizi wake. Fahali wakiendelea kupigana, wao watabaki na pembe zao. Zitakazoumia ni nyasi.