Breki za Pikapu ya Kikundi: Tununue Zipi?

(Mazungumzo yetu katika semina ya viongozi wa vikundi)



Mlituomba tuzungumze juu ya kutunza pikapu ya kikundi. Wengi wenu mnangoja tuanze na faida na hasara. Leo tutaanza na breki, kwa sababu kuna jambo lililotupata ambalo hatungependa likipate kikundi kingine.

Kikundi kimoja tunachokitembelea kule Kinangop kina pikapu aina ya Toyota Hilux. Inapeleka viazi Nairobi, na wakati wa kurudi inabeba mbolea na chakula cha ng'ombe. Kwa hiyo inateremka na mzigo ule mteremko wa kutoka Limuru hadi Mai Mahiu, kwenye lile kanisa dogo lililojengwa na mateka wa Kiitaliano mwaka 1942. Anayeijua barabara hiyo anaijua pia harufu ya breki zinazoungua.

Siku moja dereva alisimama mkutanoni akasema usukani unatetemeka akikanyaga breki, na kuna mlio wa chuma kusugua chuma. Akaomba pesa za diski mbili za mbele na pedi zake. Watu wakanyamaza. Kisha mmoja akasema, "Huyu anataka kula." Sisi wa ofisi tulikuwepo, na hatukusema neno. Kura ikapigwa: zinunuliwe pedi peke yake, tena za bei ya chini. Zikanunuliwa, na risiti ikaandikwa "spea" basi.

Wiki ya tatu, kwenye huo mteremko, gari likiwa na magunia ya mbolea na wanachama wawili mbele, breki ilikataa. Kanyagio lilikuwa gumu kama jiwe lakini gari halikupunguza mwendo. Dereva akarudisha gia ya chini, akavuta breki ya mkono, akaliingiza gari mtaroni. Hakuna aliyekufa. Lakini tungalikuwa leo tunazungumza habari nyingine kabisa.

Magurudumu yalipofunguliwa, tulikuta zile pedi mpya zimekwisha karibu kufika kwenye chuma. Diski nazo zilikuwa na mifereji, na zilikuwa nyembamba kuliko kipimo kinachoruhusiwa. Yule tuliyemdhania mwizi ndiye aliyekuwa anasema kweli.

Kwa nini breki ilikataa?

Breki inasimamisha gari kwa kugeuza mwendo kuwa joto. Pedi zinabana diski, diski inapata moto, na hewa inaupoza. Diski iliyokonda haina chuma cha kutosha cha kubeba moto huo. Pedi duni ikipata moto mwingi inateleza badala ya kushika. Gari tupu mjini linaweza kukuficha shida hii kwa miezi. Mzigo na mteremko vitaifichua siku moja.

Mambo ya kuangalia kabla ya kununua

Kwanza, pimeni. Kwenye diski nyingi kuna namba iliyoandikwa, pembeni au katikati, inayoonyesha unene wa mwisho kwa milimita. Mara nyingi tofauti kati ya diski mpya na ile ya kutupwa ni milimita 2 au 3 tu, kwa hiyo jicho haliwezi kupima. Tafuteni fundi mwenye vania. Kama diski bado ni nene lakini haiko sawa, inaweza kukerezwa, mradi baada ya kukerezwa isifike chini ya ile namba. Kama imefika, ni ya kutupa. Pedi nazo zikibaki milimita 3, wakati wa kubadilisha umefika.

Pili, msibadilishe upande mmoja. Diski na pedi hununuliwa kwa jozi, kulia na kushoto, la sivyo gari litavuta upande mmoja. Pedi mpya juu ya diski yenye mifereji hazikai sawa, na huisha haraka. Ndivyo ilivyokuwa kwetu.

Tatu, chagueni kulingana na kazi. Pedi laini zisizo na chuma hazipigi kelele, na zinafaa gari dogo la mjini. Pikapu ya mzigo inayoteremka milima inahitaji pedi zinazovumilia joto, na kwa kazi hiyo nyingi huchanganywa na vumbi la chuma. Zitapiga kelele kidogo asubuhi, msijali. Kama diski za gari lenu ni zile zenye nafasi katikati ya kupitisha hewa, rudisheni za namna hiyo hiyo. Zile za kutobolewa matundu kwa urembo hatuzihitaji.

Nne, nendeni dukani na spea ya zamani mkononi pamoja na namba ya chesisi. Hilux za miaka tofauti hazitumii diski moja. Boksi zuri peke yake si ushahidi, maana hata maboksi yanaigwa. Nunueni kwa mtu mwenye duka la kudumu, atakayekubali kuandika aina na namba ya spea kwenye risiti. Asiyekubali, mwacheni.

Tano, msisahau vilivyobaki. Kanyagio likiwa laini kama sifongo, shida ni hewa au mafuta ya breki, na pedi mpya hazitaiponya. Mafuta hayo hunyonya maji kutoka hewani, na maji yakichemka breki inapotea. Yabadilishwe kila miaka 2 hivi. Breki za nyuma za pikapu nyingi ni za dramu. Zifunguliwe nazo, zitazamwe.

Baada ya kufunga

Diski mpya hupakwa mafuta ya kuzuia kutu. Yaondolewe kabisa kwa dawa ya kusafishia breki. Fundi asipulize vumbi la breki za zamani kwa mdomo wala kwa hewa ya kompresa, bali alipanguse kwa kitambaa chenye maji, kwani baadhi ya lainingi za zamani zina asbesto inayodhuru mapafu. Kisha dereva azoeshe pedi: apunguze mwendo taratibu mara nyingi, bila kusimama kabisa, akiacha zipoe katikati. Mzigo mzito na mteremko vingoje siku chache.

Na dereva wote wakumbuke: mlima unateremkwa kwa gia, breki ni ya kusaidia.

Kuhusu kuaminiana

Ndugu zetu, shida yetu haikuanzia kwenye duka la spea. Ilianzia mkutanoni, tulipotumia kura kuamua jambo la kupimwa kwa vania. Kikundi kile kilimwomba dereva msamaha mbele ya wanachama wote. Nasi wa ofisi tulimwomba, kwa kunyamaza kwetu.

Sasa wana utaratibu. Dereva akileta shida, watu watatu wanakwenda naye kwa fundi: mweka hazina, mwanachama mmoja, na yeye mwenyewe. Vipimo vinaandikwa kwenye daftari. Spea za zamani zinarudishwa na kuwekwa mezani, kila mtu azishike. Na kila safari inaacha kiasi fulani kwenye mfuko wa matengenezo, usioguswa kwa mikopo. Tangu hapo hakuna aliyesema tena "anataka kula". Akina mama wenyewe ndio wanaouliza, "Diski imebaki milimita ngapi?"

Maswali ya kujadiliana kikundini

1. Breki za gari letu zilipimwa lini, na nani aliandika?

2. Dereva wetu akisema gari halifai kutoka leo, tunamsikiliza au tunamshuku?

3. Mfuko wetu wa matengenezo una pesa za kutosha kununua diski mbili na pedi zake kesho asubuhi?