Filamu za Iran na Mtu Mwenye Sare

Ndugu wasikilizaji, na hasa nyinyi askari wa majeshi ya ulinzi na wa polisi mlioko kambini, vituoni na malindoni.

Mwezi Mei mwaka 2025, katika tamasha la filamu la Cannes huko Ufaransa, raia wa Iran aitwaye Jafar Panahi alitunukiwa Palme d'Or, ambayo ndiyo tuzo kuu ya tamasha hilo. Filamu aliyotunukiwa aliitengeneza nchini mwake bila kibali cha serikali. Mtu huyu alikuwa amehukumiwa mwaka 2010 kifungo cha miaka 6 na kupigwa marufuku kutengeneza filamu kwa muda wa miaka 20. Jambo tunalotaka kulizungumza leo ni hili: serikali yenye jeshi, polisi, mahakama na magereza, inaogopa nini hasa katika picha zinazopita juu ya kitambaa cheupe?

Yafaa ikumbukwe kwamba sinema nchini Iran ilikuwa jambo la ugomvi tangu kabla ya mapinduzi. Watu wengi wacha Mungu waliyaona majumba ya sinema ya enzi za Shah kuwa ni mahali pa uchafu, wala hawakuthubutu kuwapeleka huko mabinti zao. Katika ghasia za mwaka 1978 majumba mengi yalichomwa moto. Baya kuliko yote lilikuwa tukio la tarehe 19 Agosti mwaka huo katika mji wa Abadan, pale sinema ya Rex ilipoteketezwa huku watu wakiwa ndani, na mamia wakafa. Kwa hiyo Ayatollah Khomeini aliporejea nchini tarehe 1 Februari 1979, wengi walitazamia kwamba sinema itafutwa kabisa. Haikuwa hivyo. Katika hotuba yake ya siku hiyo alieleza kwamba hakuipinga sinema yenyewe, bali matumizi yake mabaya.

Basi sinema ikabaki, lakini ikawekewa walinzi. Wizara ya Utamaduni na Mwongozo wa Kiislamu ndiyo iliyokabidhiwa kazi hiyo. Katika miaka ya 1980 mtengenezaji filamu alipaswa kuwasilisha kwanza muhtasari wa hadithi yake, kisha mchezo wote ulioandikwa, kisha orodha ya wachezaji na mafundi, na mwishowe filamu iliyokamilika. Palikuwa na mlango kila hatua, na kila mlango una bawabu wake. Hata iliyovuka milango yote ilipewa daraja, na daraja hilo ndilo lililoamua kama itaonyeshwa katika majumba mazuri ya mjini au katika vibanda vya pembezoni.

Katika masharti hayo limo moja linalostahili kutazamwa kwa makini. Mwanamke wa Kiislamu akiwa nyumbani kwake, mbele ya mumewe na ndugu zake maharimu, halazimiki kujifunika nywele. Lakini katika filamu ya Iran mwanamke anapika na mtandio kichwani, anawalaza watoto na mtandio, na hata kitandani analala nao. Wakaguzi walitoa hoja kwamba mtazamaji aliyeketi ukumbini si maharimu wa mchezaji. Mume na mke katika hadithi hawagusani hata kushikana mikono, kwa kuwa wachezaji wenyewe hawakuoana. Matokeo yake, ndugu wasikilizaji, ni kwamba sheria iliyokusudiwa kulinda ukweli wa dini ikawalazimisha watu kuonyesha nyumba ambazo hazipo popote, hata katika mji mtakatifu wa Qom. Baadhi ya wasanii wakakimbilia hadithi za watoto, maana mtoto hana masharti mengi. Abbas Kiarostami alijipatia jina duniani kwa filamu ya mwaka 1987 kuhusu mvulana anayehangaika kumrudishia mwenzake daftari.

Hatusemi haya kwa kuidharau dini. Zipo familia nyingi za Iran ambazo zilianza kwenda sinema baada ya mapinduzi tu, kwa sababu sasa ziliona hazitatahayarika mbele ya watoto. Wala si kweli kwamba ukaguzi uliletwa na Uislamu. Filamu ya Dariush Mehrjui ya mwaka 1969 juu ya mwanakijiji na ng'ombe wake ilizuiwa na serikali ya Shah, kwa sababu ilionyesha umaskini wakati mfalme akijisifia maendeleo. Ikabidi ipelekwe Venice kwa siri mwaka 1971. Na Saudi Arabia, inayojivunia Sharia hiyohiyo, ilikaa zaidi ya miaka 30 bila majumba ya sinema ya hadhara, kisha mwaka 2018 ikayafungua. Kitabu kitukufu hakikubadilika kati ya miaka hiyo. Kilichobadilika ni mashauri ya watawala.

Sasa tufike kwenye jambo linalowahusu nyinyi.

Ukizitazama filamu za Iran zilizowapeleka wenyewe gerezani, mara nyingi hukuti ndani yake uchi wala ulevi. Unamkuta mtu mwenye sare. Mwaka 2005 Panahi aliomba kibali kwa kuwasilisha hadithi ya vijana wa kiume wanaokwenda kutazama mpira. Filamu aliyotengeneza hasa, iitwayo Offside, ni ya wasichana waliojivika nguo za kiume ili waingie katika uwanja wa Azadi mjini Tehran, siku Iran ilipocheza na Bahrain kutafuta nafasi ya Kombe la Dunia. Wanakamatwa, na wanawekwa nyuma ya vizuizi chini ya ulinzi wa askari vijana wanaotumikia jeshi kwa mujibu wa sheria. Mmoja wa askari hao ametoka shamba. Moyo wake uko kwa mifugo aliyoiacha nyumbani, na likizo yake imo hatarini. Wasichana wanamwuliza sababu ya kuwazuia. Anajaribu kujibu, na kila jibu linamponyoka. Mwishowe mwenzake anachungulia uwanjani na kuwasimulia mchezo wafungwa wake. Hakuna askari mkatili katika filamu ile. Pengine hilo ndilo lililowaudhi wakubwa, kwani ilipata tuzo Berlin mwaka 2006, na nyumbani haikuruhusiwa kuonyeshwa. Mwezi Oktoba 2019 maelfu ya wanawake waliingia katika uwanja uleule kwa tiketi zao, Iran ikicheza na Kambodia.

Mohammad Rasoulof alikwenda mbele zaidi. Filamu yake iliyoshinda tuzo kuu ya Berlin mwaka 2020 ina hadithi nne juu ya wale wanaotekeleza hukumu ya kifo. Katika mojawapo, kijana wa jeshi anaambiwa usiku huo ni zamu yake kumnyonga mtu. Akikataa, ataharibu utumishi wake, na asiyemaliza utumishi hapati pasi ya kusafiria. Katika nyingine, askari anapewa likizo kama malipo ya kazi hiyo, anakwenda kwa mchumba wake, na huko anakuta matanga ya mtu aliyemwua kwa mkono wake. Ili aweze kuitengeneza, Rasoulof aliigawa kama filamu fupi nne mbalimbali, maana hizo hazikaguliwi sana.

Mwezi Mei 2022 jengo liliporomoka katika mji uleule wa Abadan, zaidi ya watu 40 wakafa, na wananchi wakatoka barabarani kwa hasira. Rasoulof na wenzake wengi wa sinema wakatoa tamko la kuwataka watu wa vyombo vya usalama waweke silaha chini. Mwezi Julai akakamatwa. Panahi alipokwenda kuuliza habari zake katika gereza la Evin, naye akazuiwa hukohuko ili atumikie kile kifungo cha mwaka 2010. Akaachiliwa Februari 2023 baada ya kutangaza kugoma kula.

Hapa tuseme wazi. Hakuna serikali, ya dini au isiyo ya dini, ambayo ingesikia wito wa namna hiyo kwa askari wake ikanyamaza. Nidhamu ni uti wa mgongo wa jeshi lolote. Lakini kumjibu msanii kwa hoja ni jambo moja, na kumhukumu miaka 8 pamoja na viboko, kama alivyohukumiwa Rasoulof mwezi Mei 2024, ni jambo lingine. Yeye alikimbia kwa miguu kupitia milimani, akafika Ujerumani, kisha Cannes na filamu mpya aliyoipiga kwa siri. Inamhusu mchunguzi wa Mahakama ya Mapinduzi anayepewa bastola pamoja na cheo, na kutakiwa kutia saini hukumu za kifo kwenye majalada ambayo hajayasoma. Bastola inapotea nyumbani. Akaanza kuwahoji mkewe na mabinti zake, kama anavyowahoji watu kazini.

Turudi kwenye ile filamu ya Panahi iliyoshinda mwaka 2025. Fundi wa magari anasikia hatua za mteja mwenye mguu wa bandia, na mlio wa mguu ule anaufahamu. Zamani, gerezani, alipokuwa amefungwa kitambaa machoni, mtu aliyemtesa alikuwa na mlio kama huo. Anamteka. Lakini uso wake hakuwahi kuuona, na mteja anakana. Basi anawakusanya waliofungwa pamoja naye, mmoja baada ya mwingine, waje wamsikilize na kumnusa, na waamue wenyewe la kumfanya.