Nguo ya Kuazima Haisitiri



Tumeombwa tuseme machache juu ya jambo lisilozungumzwa sana mikutanoni, kwa kuwa kila mtu linamgusa nyumbani kwake. Nalo ni tabia ya kujionyesha kuwa tuna mali kuliko tuliyo nayo. Wako watakaosema kwamba hayo ni mambo ya mtu na mfuko wake, hayahusu siasa. Sisi twasema yanahusu siasa sana, maana mtu aliyefungwa na madeni si mtu huru.

Tuanze na wazee wetu wa Ugogo. Nchi hii ni kavu. Ina msimu mmoja tu wa mvua, na huo nao hauaminiki. Wazee walilijua hilo, ndiyo maana mwenye ng'ombe wengi hakuwakusanya wote katika zizi moja ili wapita njia wamsifu. Aliwagawa kwa jamaa na marafiki wa vijiji vingine wamtunzie. Aliyepewa alipata maziwa, na mwenye mali alipata usalama: ugonjwa ukiingia upande mmoja, au malisho yakikauka, wa upande wa pili wamebaki. Mgeni aliyefika kwa tajiri huyo aliona tembe kama matembe mengine. Mali ilikuwapo, lakini haikupigiwa ngoma.

Ng'ombe hao ndio waliokuwa akiba ya njaa, kwani mwaka mbaya walibadilishwa kwa nafaka. Njaa ya Mtunya, ya mwaka 1917 hadi 1920, iliua watu wengi mno kwa sababu ukame ulikuja baada ya majeshi ya Vita Kuu ya Kwanza, ya Wajerumani na ya Waingereza, kuchukua mifugo, chakula na wapagazi. Akiba iliondolewa kwanza, ndipo jua likapiga.

Ndugu zetu, leo hakuna askari mlangoni. Ng'ombe tunamtoa wenyewe. Tunampeleka mnadani Msalato, wala si kwa ajili ya ada ya shule au gunia la mahindi, bali kulipia ukumbi, sare na mapambo ya usiku mmoja.

Mji wetu umekua. TANU iliamua mwaka 1973 kwamba makao makuu yawe Dodoma. Mwaka 2016 Serikali ikaanza kuhamia kwa nguvu, na mwaka 2018 Dodoma ikawa jiji. Tunafurahi. Lakini pamoja na ofisi na barabara yamekuja mashindano ya macho. Mkulima anauza zabibu zake na kununua simu ya bei ya ekari. Mtumishi kijana anakopa gari kabla hajanunua kiwanja. Mama anakopa kitenge cha sare ili asionekane peke yake.

Tufanye hesabu kama darasani. Mtu akikopa shilingi 100,000 kwa riba ya asilimia 30 kwa mwezi, na kila mwezi akaweza kulipa riba tu, kwa mwaka mmoja atakuwa ametoa shilingi 360,000, na zile 100,000 bado anadaiwa. Mikopo ya namna hii wananchi wameipa jina lake wenyewe: kausha damu. Mwaka 2024 Benki Kuu ilitaja programu 69 za mikopo ya simu zilizofanya kazi bila leseni. Kanuni za utumishi zinataka mtumishi abakiwe na theluthi moja ya mshahara baada ya makato. Lakini ni kanuni gani itakayomlinda mwalimu aliyekwisha kumkabidhi mkopeshaji kadi yake ya benki pamoja na namba ya siri?

Sasa tutazame upande wa uongozi. Oktoba 1966 Mwalimu Nyerere alipunguza mshahara wake kwa asilimia 20. Februari 1967 Azimio la Arusha likawakataza viongozi kuwa na mishahara miwili, kupangisha nyumba na kuwa na hisa katika makampuni. Masharti hayo yalilegezwa Zanzibar mwaka 1991, lakini sababu yake haijafa. Kiongozi anayeishi juu ya kipato chake lazima pengo hilo lijazwe na mtu. Mtu huyo ndiye atakayekuwa bwana wake. Siku ya kugawa viwanja, au ya kuchagua mgombea, kiongozi huyo hataweza kusema hapana.

Hatusemi watu wasioe, wala wasivae vizuri. Kuchangiana ni desturi yetu, na ni nzuri. Ng'ombe wa mahari huzaa, na huwaunganisha jamaa wa pande mbili kwa miaka mingi. Mchango ulioliwa ukumbini hauzai kitu. Na maskini asiye na mchango hukatwa kadi, akakosa arusi ya mtoto wa ndugu yake. Desturi iliyokuwa ya kumbeba mnyonge imegeuka kuwa ya kumfukuza.

Basi tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, kila tawi lipange kiwango kidogo cha mchango, na asiye nacho aje na mikono yake afanye kazi, aketi na wenzake. Pili, nusu ya michango wakabidhiwe maarusi waanzie maisha: mbuzi, mabati, au ada ya kiwanja. Tatu, sisi viongozi tutangulie. Arusi zetu ziwe za kwanza kufanyika uani, chini ya mti, tuonwe na watu wote.

Wahenga walisema mtu hujikuna ajipatapo. Aonaye haya kuitwa maskini leo, atauza shamba kesho, na keshokutwa atakuwa kibarua katika shamba lile lile.