Dhamana si hisani: niliyozungumza na vijana wa Kibimba

Najua wengine mmeegesha bodaboda, wengine mmetoka shambani. Sitawachosha.

Mdogo wangu aliwahi kukamatwa kwa ugomvi wa kilabuni. Nikaenda kituoni, sikitaji jina, nikaulizwa: "Umekuja na shilingi ngapi?" Nikauza mbuzi, nikatoa hela, risiti hakuna. Baadaye ndo nikajua dhamana ya polisi haiuzwi. Mbuzi wangu aliliwa na ujinga wangu. Sitaki wa kwenu aliwe.

Shikeni haya. Katiba yetu, ibara ya 13(6)(b), inakataza mshtakiwa kutendewa kama mkosaji kabla kosa halijathibitishwa. Dhamana ni ahadi kwamba utarudi siku ya kesi, basi. Kwa hiyo tangulieni na mdhamini mwenye kitambulisho na barua ya mtendaji wa kijiji. Ukiombwa hela, omba risiti.

Sasa tatizo kubwa. Kifungu cha 148(5) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kilifunga mlango kwa mauaji, uhaini, ugaidi, unyang'anyi wa kutumia silaha na utakatishaji fedha. Mei 2020, kwenye kesi ya Dickson Sanga, Mahakama Kuu ilisema kinavunja Katiba. Agosti hiyohiyo Mahakama ya Rufani ikakirudisha.

Maana yake nini? Anayeandika hati ya mashtaka ndiye anayeamua nani alale gerezani. Mbowe, aliyekuwa mwenyekiti wakati huo, alikamatwa Julai 2021, akashtakiwa kwa ugaidi. Machi 4, 2022 upande wa mashtaka ukasema hauna nia ya kuendelea. Ile miezi saba nani amemrudishia? Aprili 2025 ikaja zamu ya Lissu: uhaini, dhamana hakuna.

Hao wana mawakili na wanajulikana dunia nzima. Kijana wa hapa akibambikiwa unyang'anyi wa silaha, ana nani?

Hatusemi wauaji waachiwe. Tunasema hakimu apewe nafasi ya kumpima kila mshtakiwa: huyu atakimbia? Atatisha mashahidi? Kama ndiyo, abaki ndani. Kama siyo, aende nyumbani asubiri kesi.

Wakati tunaidai sheria hiyo, kazi ya wiki hii ni moja: kila tawi liandike majina ya wadhamini watano, vitambulisho tayari. Usiku simu ikilia, tusianze kutafuta mbuzi wa kuuza.